NVSS na FIRST: uzoefu wangu na orodha mbili za anga moja

NVSS na FIRST ni orodha mbili za vyanzo vya mawimbi ya redio angani. Nazipa nyota nne kwa tano, ingawa nyota zenyewe humo ni za kuhesabika. Vilivyojaa ni galaksi za mbali zinazotoa mawimbi ya redio.

Nilianza na NVSS kwa sababu ya ukubwa wake: vyanzo karibu milioni 1.8, asilimia 82 ya anga yote. Nikakata kipande cha anga, nikahesabu mistari ya jedwali, nikajisifu kwamba nimehesabu galaksi. Kumbe galaksi ya redio mara nyingi ni kiini kimoja na mawingu mawili yaliyorushwa huku na huku na shimo jeusi. Programu inayotafuta vyanzo haijui undugu huo. Ikiona mng'ao uliojitenga, inauandikia mstari wake.

NVSS ilipimwa kwa antena za VLA, darubini ya redio iliyoko New Mexico, Marekani, zikiwa zimesogezwa karibu karibu, kwa hiyo haitenganishi vitu vilivyo ndani ya sekunde 45 za tao (ni kipimo cha pembe; mwezi mpevu una upana wa kama 1,800). FIRST ilitumia antena zile zile 27, masafa yale yale ya gigahezi 1.4, ila zikiwa zimetawanywa zaidi, ikafikia sekunde 5. Doa moja la NVSS huweza kuwa mistari mitatu ndani ya FIRST.

Kuna siku nilikuta chanzo ambacho FIRST imekipa kama nusu tu ya nguvu iliyoandikwa na NVSS. Moyo ulinidunda: nimepata kitu kinachofifia! Sikuwa nimepata chochote. Antena zikikaa mbalimbali hazisikii vizuri mng'ao mpana uliosambaa, kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea. Tangu hapo, nikitaka nguvu ya jumla nachukua NVSS. Nikitaka kujua ni galaksi ipi hasa kwenye picha ya mwanga wa kawaida, nachukua FIRST, maana kwa vyanzo hafifu NVSS huweza kukosea mahali kwa sekunde 7 hivi, na hapo ndani zinaenea galaksi kadhaa.

FIRST ina safu moja niliyoipuuza wiki nzima: uwezekano kwamba chanzo si cha kweli, ni mwangwi tu wa kifaa uliotokana na jirani mwenye nguvu. Nilipochora ramani yangu nikaona vyanzo vimejipanga kama siafu kutoka kwenye kimoja kikali. Nikafuta, nikaanza upya.

Kasoro kubwa ya FIRST ni eneo: nyuzi za mraba kama 10,000 tu. Na kama kipande chako kiko kusini zaidi ya nyuzi 40 chini ya ikweta ya anga, hata NVSS haifiki. Huko mimi hutumia RACS, orodha nyingine ya vyanzo vya redio, ya darubini ya ASKAP, Australia.

Siku hizi, vyanzo viwili vikikaribiana chini ya dakika moja ya tao, nafungua picha kwanza ndipo nihesabu. Kazi inachukua mara tatu ya muda niliopanga.