Uzoefu wangu: karakana iliyoacha injini ya boti yangu ya tanga ikipumua

Boti yangu ni ya zamani, na injini yake ni Yanmar 2GM20F, dizeli ya silinda mbili. Kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza, huzunguka ndani ya injini, na maji ya bahari huja kuipoza kulanti hiyo kwenye kipozeo, chombo chenye vibomba vyembamba ndani. Kwa mwendo wa pole ilikuwa haina neno. Nikiongeza moto kutoka hori ya Mtwapa, kusi kikiwa usoni, king'ora kinalia na ekzosi inafuka mvuke badala ya kutema maji. Pale kwenye mlango, miamba ikiwa pande zote, sauti ile inakata maini.

Fundi wa kwanza alitia impela mpya, kile kigurudumu cha mpira chenye mapanga kinachosukuma maji, kwenye pampu ya maji ya chumvi, akapokea chake akaenda. Impela aliyoitoa ilikuwa imekatika mapanga, na hakuuliza yalikokwenda. Injini ikaendelea kuchemsha. Baharia mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwenye karakana ndogo Mombasa, ya watu wa rejeta na injini za boti.

Hawa hawakuniuzia kitu kwanza. Walifuata maji. Waliuchomoa mpira baada ya pampu, wakawasha injini kwa muda mfupi, maji yakajaa ndoo kwa kasi. Wakaurudisha, wakachomoa ule wa baada ya kipozeo: maji yakawa ya kudondoka tu. Basi kizuizi kiko katikati ya hapo na hapo, hakuna kubahatisha. Kofia ya kipozeo ilipofunguliwa, mapanga ya impela yalikuwa yamejibana kwenye midomo ya vibomba, na nyuma yake chumvi na magamba meupe yamejazana.

Kazi ya kusafisha ndiyo iliyonifanya niwaamini. Kuna mafundi wanaosukuma waya ndani ya vibomba vile vyembamba. Ukitoboka kimoja, maji ya chumvi yanaingia kwenye kulanti na umepata ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Wao walikiloweka kipozeo kwenye asidi iliyozimuliwa mpaka povu likatulia, wakakisuuza sana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha wakaziba pande zote, wakatia upepo na kukizamisha kwenye pipa kutafuta mapovu. Hakikutoa hata moja. Thamostati, vali inayofunguka kulanti ikishapata joto, waliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto; ilianza kufunguka karibu na nyuzi 71, kama inavyotakiwa kwa injini hii, ikarudishwa ileile.

Elbo ya ekzosi, mahali maji yanapochanganyika na moshi, ndiyo iliyonitisha. Masizi na kutu vilikuwa vimeibana hata kidole hakipenyi, na ukuta wa ndani umelika. Ukuta huo ukitoboka, maji yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Wangeweza kuikwangua tu, lakini walinishauri nitafute mpya, na nikanunua ya chuma kisichoshika kutu. Nawashukuru kwa hilo.

Kasoro zao ninazisema pia. Silikoni waliipaka nyingi mno kwenye gasketi ya pampu, nami nikaitoa na kufunga upya, kwa sababu ikimeguka inaelekea kulekule kwenye vibomba. Hawaandiki orodha ya vipuri walivyotumia mpaka uwasumbue. Na vipuri vyenyewe hawaweki, utatafuta mwenyewe; impela usikubali ile ngumu ya bei rahisi, na siku ya kuifunga ipake glisirini, usiipake grisi ya kawaida, maana grisi huila mipira ya aina nyingi.

Sasa injini inavuta kwa nguvu zake zote kutoka horini, ekzosi inatema maji kwa mapigo mazito, na ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, ni kavu kwa sababu sili ya pampu nayo ilibadilishwa. Gharama yote, elbo ikiwemo, haikufika bei niliyotajiwa ya kipozeo kipya. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukiwapelekea injini yako, nenda na impela yako iliyokatika, pamoja na kila kipande ulichokiokota. Wataihesabu mapanga kabla ya kushika spana.