Hedifoni za kompyuta kwa bajeti ndogo: za kuchukua kwanza na za kuacha dukani

Hedifoni yangu ya kwanza ya kompyuta niliichagua kwa macho. Boksi lilikuwa na picha ya joka, taa nyekundu pembeni, "7.1" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa yenyewe, na maikrofoni ndefu kama ya rubani. Kuivaa tu, besi ikavuma hadi msomaji wa habari akawa kama anazungumzia ndani ya pipa. Mwezi wa nne sikio la kushoto likanyamaza. Ukiukunja waya karibu na pini linarudi, ukiuachia linapotea. Nilimaliza mwaka nikifanya kazi huku waya umebanwa kwa kibanio cha nguo.

Niliyojifunza ni hesabu tu. Mtengenezaji wa hedifoni ya bei ya chini ana fedha kidogo za kugawa. Taa, betri, redio ya Bluetooth, maikrofoni: kila kimoja kinakula sehemu ya fedha ambayo ingeenda kwenye spika mbili ndogo na mito inayogusa masikio yako. Kwenye hedifoni za bei kubwa pengo hilo hulioni. Kwenye za bei ndogo utalisikia kila siku.

Na mtu wa kompyuta ana bahati ambayo mtu wa simu hana: amekaa. Hakimbii, hapandi basi, tundu liko nusu mita kutoka mkononi. Waya haumsumbui, kwa hiyo hana sababu ya kulipia kuuondoa. Ndiyo maana zote nilizoziweka juu kwenye mpangilio huu ni za waya.

Kwanza, nani mwingine yuko chumbani?

Swali hili linatangulia jina lolote. Hedifoni zilizofungwa zina kikombe kizima nyuma ya spika: sauti haitoki sana, kelele za nje hazipiti sana. Hedifoni za wazi zina matundu nyuma, na jirani anasikia unachosikiliza. Kwa bei ileile, za wazi mara nyingi husikika kwa uhalisia zaidi, maana sauti ya nyuma ya spika haina ukuta wa kugonga ikarudi kuchafua ile ya mbele. Pia masikio hayapati joto. Lakini ukiwa ofisini au chumba kimoja na mtu aliyelala, uhalisia huo ni ugomvi. Basi soma orodha hii ukiwa na chumba chako kichwani. Namba moja yangu inaweza isiwe yako kabisa.

1. Koss Porta Pro

Zilitoka mwaka 1984 na bado zinatengenezwa kwa umbo lilelile, na hata sasa ndizo ninazomwambia mtu achukue akiniuliza nikiwa na haraka. Ni nyepesi, zinakunjika hadi kuwa ngumi, na sauti yake ni nzito kiasi bila kufunika maneno. Ukinzani wake, yaani jinsi zinavyouzuia umeme unaozisukuma, ni omu 60, na laptopu ya kawaida inazisukuma bila shida.

Kasoro zake zinajulikana. Ni za wazi, kwa hiyo zinavuja. Mito yake ni sifongo jembamba linalochakaa, ingawa la kubadilisha ni rahisi kupata na unalivika kwa vidole. Waya ni mwembamba. Na ule mkanda wa chuma, unaporefushwa na kufupishwa, unanyofoa nywele. Hilo ni la kweli kabisa: zivae kwa kuzishusha kutoka juu, usizivute ukiwa umeshazivaa.

Wana ndugu yao, KSC75, anayening'inia masikioni kwa vibanio bila mkanda. Kwa kawaida anauzwa kwa bei ya chini zaidi, na sauti yake haiko nyuma. Ukivaa miwani, jaribu kwanza, maana kibanio na mkono wa miwani vinagombania sehemu moja.

2. Audio-Technica ATH-M20x

Hizi ndizo namba moja kwa anayekaa na watu. Zimefungwa, zinafunika sikio, zina omu 47, na waya wa mita tatu unaofika hata kompyuta iliyo chini ya meza. Sauti ya watu inasikika vizuri, muziki hauna makuu. Ziko chini katika familia ambayo wakubwa zake ni M40x na M50x.

Kinachonikera ni huo waya: hautoki. Ukikanyagwa na gurudumu la kiti, kazi ni ya fundi na lehemu. M40x ina waya wa kuchomoa, na kama bajeti inanyoosha mkono hadi hapo, mimi ningelipia tofauti hiyo kwa ajili ya waya kabla hata ya kufikiria sauti.

3. Philips SHP9500

Kwa mtu mwenye chumba chake, anayevaa hedifoni saa sita mfululizo, ningezipandisha ziwe za kwanza. Ni kubwa, za wazi kabisa, vikombe vipana kiasi kwamba sikio haligusi kitu, na mito ya kitambaa badala ya ngozi bandia. Unasahau umezivaa hadi usimame na waya ukuvute. Ukinzani ni omu 32. Besi ya chini kabisa ni hafifu, kama kawaida ya hedifoni za wazi, hivyo mpenzi wa mdundo atalalamika.

Jambo zuri kuliko yote ni tundu la kawaida la milimita 3.5 kwenye kikombe. Waya ukifa unanunua mwingine wowote wenye pini ya aina hiyo kila mwisho. Kuna hata nyaya zinazouzwa zikiwa na maikrofoni yake, unachomeka hapo na hedifoni ya muziki inageuka ya mikutano. Ubaya: mito haikukusudiwa kutolewa kirahisi, kwa hiyo itunze.

4. Superlux HD 681 na HD 668B

Ukitaka hedifoni kubwa na mfuko unakataa kila kitu hapo juu, njoo hapa. Zina uwazi nusu, na zinafichua mambo ambayo hedifoni za bei yake hazifichui. Tatizo ni sauti za juu: herufi "s" inachoma, matoazi yanakwaruza. Kwenye simu ningeziacha. Kwenye kompyuta kuna dawa ya bure, nitaifikia. HD 668B ina waya unaochomoka, HD 681 hauchomoki. Mito ya zote mbili ni plastiki laini inayotoa jasho.

5. Sony MDR-7506

Hapa ndipo bajeti ndogo inapoishia. Zipo tangu 1991 na utaziona kwenye vichwa vya watu wa redio na wa sauti za filamu. Zimefungwa, zinakunjika, waya wake umejikunja kama wa simu ya mezani ya zamani. Nimeziweka ya tano kwa sababu hazikufanywa kwa starehe: zinakuonyesha kila mlio wa ulimi, kila upepo wa feni kwenye rekodi. Kama unahariri sauti au video, zihamishe ziwe za kwanza. Kama unasikiliza tu, zinachosha.

Zinakuja na kiunganishi cha pini nene ya milimita 6.35. Pini hiyo ilianzia kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, wafanyakazi wakichomeka na kuchomoa siku nzima kuwaunganisha wapigaji. Laptopu haiihitaji. Ifungue, iweke kwenye droo.

Chini ya mstari: Bluetooth na hedifoni za michezo ya kompyuta

Sizichukii za Bluetooth, ninazo za kutembelea. Ila kwenye kompyuta zina mtego ambao wauzaji hawausemi. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: moja ya kusikiliza, yenye sauti nzuri ya pande mbili, na nyingine ya simu, inayobeba sauti yako na ya mwenzako kwa pamoja kwa kuzibana zote. Mara programu ya mkutano inapofungua maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya pili. Muziki uliokuwa mtamu sekunde moja iliyopita unageuka simu ya kijiji, sauti moja ileile masikio yote mawili, bila besi. Watu wanarudisha hedifoni dukani wakidhani ni mbovu. Kama tayari unazo, nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua maikrofoni ya laptopu badala ya ile ya hedifoni, na mara nyingi sauti itarudi. Kuna Bluetooth mpya, LE Audio, iliyoundwa kuondoa shida hii, lakini lazima kompyuta na hedifoni zote ziwe nayo. Ongeza kuchelewa kwa sauti nyuma ya picha, na betri iliyofungiwa ndani ambayo siku ikichoka inaondoka na hedifoni nzima.

Za michezo ya kompyuta, kama ile yangu ya joka, nimeshaeleza kilichonipata. Ile "7.1" inaahidi spika saba na moja ya besi, lakini kwa kawaida ni spika mbili na programu inayohesabu. Programu za aina hiyo zipo za bure na zinafanya kazi na hedifoni yoyote. Maikrofoni ya kuweka mezani, au hata ile ya laptopu, inatosha kwa mikutano.

Namba za kwenye boksi

"Hezi 20 hadi 20,000" ni masafa, kutoka mlio mzito kabisa hadi mwembamba kabisa, ambayo sikio changa lenye afya linasikia. Karibu kila boksi linayadai, na peke yake hayasemi lolote, maana hayaonyeshi sauti zinapanda na kushuka wapi katikati. Nembo ya Hi-Res inataka spika ifike hezi 40,000, huko ambako hata mtoto hasikii. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Omu ndizo za kuangalia. Chini ya 80 hivi, laptopu inatosha. Hadithi ya kusikitisha ni ya Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni nzuri sana inayouzwa kwa ukinzani tofauti, 32, 80 na 250. Mtu anaona ya 250 imepunguzwa bei, anairukia, anachomeka kwenye laptopu na kupata mnong'ono. Haijaharibika. Inataka amplifaya, kifaa cha kuiongezea sauti nguvu, ambacho hakukipangia bajeti.

Ukiwa dukani

Usisikilize wimbo wa majaribio wa muuzaji. Umechaguliwa ili kila kitu kisikike kitamu. Nenda na rekodi ya mtu unayemjua sauti yake, hata ujumbe wa sauti wa dada yako. Akisikika kama ana mafua, besi imezidi. Akisikika kama anafoka kila akitamka "sasa", sauti za juu zimezidi. Hakuna wimbo utakaokuambia hivyo upesi.

Kisha zivae dakika kumi, na miwani yako kama unayo. Dakika ya kwanza kila hedifoni ni nzuri. Kwenye ya nane utosi unaanza kusema ukweli. Mwisho shika waya pale unapoingia kwenye pini na uupinde polepole huku sauti inacheza. Pale ndipo zinapofia. Pini iliyopinda kwa pembe, au yenye shingo ndefu ya mpira, inaishi zaidi ya ile ambayo waya unaingia moja kwa moja bila shingo.

Angalia pia tundu la kompyuta yako. Laptopu nyingi zina tundu moja linalobeba sauti na maikrofoni pamoja, wakati kompyuta za mezani mara nyingi zina mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maikrofoni. Hedifoni yenye pini ya mistari mitatu ukiichomeka kwenye la kijani utasikia, ila maikrofoni haitafanya kazi bila kigawanyio.

Baada ya kununua

Ukisikia mkwaruzo hafifu kila unaposogeza mausi, hedifoni haina kosa. Ni umeme wa ndani ya kompyuta unaopenya kwenye tundu. Kiunganishi kidogo cha USB-C kwenda tundu la milimita 3.5 kinabeba kigeuzi chake, kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti, na kwa kawaida kinaimaliza kelele hiyo. Hakikisha tu kina kigeuzi ndani, kwa sababu vingine ni waya mtupu.

Na ile dawa ya Superlux: kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo Equalizer APO, inayorekebisha sauti ya kompyuta nzima. Shusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) nne au tano karibu na hezi 8,000, sikiliza, rekebisha tena. Usianze kwa kupandisha besi. Punguza kinachokuudhi kwanza, utashangaa besi ilikuwepo.

Kuhusu sauti ya juu, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Hedifoni haina mita ya desibeli, kwa hiyo mimi natumia kipimo cha nyumbani: naweka sauti ninayoipenda usiku kukiwa kimya, naandika namba inayoonekana kwenye skrini, na mchana siivuki. Feni ikiwaka na nikashindwa kusikia, nazima feni au navaa zile zilizofungwa.