Jezi namba 98 ya Jason Collins: mbili nilizonunua, baada ya miaka kumi

Nilinunua jezi mbili siku moja, mwishoni mwa Februari 2014, kwenye duka la mtandaoni la NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Zote nyeusi, za Brooklyn Nets, namba 98, jina COLLINS mgongoni. Moja saizi L, yangu. Nyingine XL. Kila moja dola 110, na kwa kuwa ninakaa New Jersey, ambako nguo hazitozwi kodi ya mauzo, nililipa bei hiyo hiyo na nauli ya kuzileta. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Dola 220 kwangu si pesa ya kutoa bila kufikiri. Zilikaa karibu wiki tatu njiani, maana tulioagiza tulikuwa wengi. Siku zile ndiyo jezi iliyokuwa ikitoka kuliko zote katika duka lile.

Nianze na mali yenyewe. Hii ni jezi ya daraja la kati: si ile ya bei kali wanayovaa wachezaji uwanjani, wala si ile rahisi ambayo namba zimebandikwa kwa moto. Imetengenezwa na Adidas. Kitambaa ni poliesta ya vitundu vidogo, chepesi, kinapitisha hewa. Namba zimekatwa kwenye kitambaa kizito zaidi kisha zikashonwa pembeni kwa mshono wa karibu karibu. Ukipitisha kidole juu ya ile 8 unausikia uzi wote, haurukiruki. Yangu nimeivaa na kuifua kwa miaka kumi, kiangazi karibu kila wiki, na hakuna hata uzi mmoja wa namba uliofumuka. Kilichochoka ni shingo, imelegea, na rangi imechuja hadi kuwa kama masizi ya sufuria. Mara moja niliitia kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali, ikatoka herufi za jina zimejikunja ncha. Kosa hilo ni langu, lebo ilikuwa imekataza.

Kwa ufundi ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naipunguza kwa saizi: imekatwa ndefu na nyembamba, mtu mwenye tumbo aagize saizi moja juu.

Lakini mtu hanunui namba 98 kwa ajili ya mshono tu.

Collins nilimjua muda mrefu kabla hajawa habari. Nilifika Jersey City mwaka 2001, mwaka uleule yeye alipoingia NBA akitokea Stanford. Wakati huo Nets walikuwa bado wa New Jersey, wanacheza East Rutherford. Mimi na rafiki yangu, tuliyekua naye Ngamiani kule Tanga, tulikuwa tunanunua tiketi za juu kabisa, karibu na paa. Timu ilikuwa ya Jason Kidd, watu wote walikuja kumtazama Kidd. Rafiki yangu alikuja kumtazama Collins. Lijitu la futi saba, halifungi, halirukiruki, kazi yake kusimama kama ukuta ili mwenzake apite, na kukubali kugongwa kifuani ili faulo iwe ya mpinzani. Fainali ya 2002 alipewa kazi ya kumkaba Shaquille O'Neal, na Lakers wakashinda nne bila. Rafiki yangu alitoka kwenye mechi zile akisema, "Tazama mtu anavyoumia kwa ajili ya wenzake, na kesho gazeti halitamwandika."

Tarehe 29 Aprili 2013 gazeti likamwandika. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimetoka kumchukua mzee mmoja anayesafishwa figo, redio iko wazi, nikasikia kwamba Collins, mwenye miaka 34, ameandika kwa mkono wake katika Sports Illustrated kwamba yeye ni shoga. Hapakuwa na mchezaji mwingine wa ligi zile nne kubwa za wanaume Marekani aliyewahi kusema hivyo akiwa bado anataka kucheza. Neno hilo, shoga, kwetu Tanga akina mama wanaitana kwa mapenzi kila asubuhi, shoga umeamkaje. Sijui ni wapi tuliligeuza kuwa jiwe la kumpigia mtu.

Jioni mimi na rafiki yangu tukaenda kunyoa. Televisheni ya pale ukutani haikuwa na jambo jingine. Rais Obama amempigia simu kumpongeza. Kobe Bryant ameandika kwamba anajivunia naye, Kobe huyo huyo ambaye miaka miwili nyuma alitozwa faini ya dola laki moja kwa kumtukana mwamuzi kwa tusi la kuwadhalilisha mashoga. Chris Broussard wa ESPN akasema hadharani kwamba huo ni uasi mbele ya Mungu. Mchezaji mmoja wa soka la Marekani, Mike Wallace, akaandika kwamba anashangaa, dunia ina wanawake wazuri wote hawa, kisha akayafuta.

Mle ndani tulikuwa watu wa kila nchi, na kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema huyu mzee hana mkataba, anatafuta jina. Mwingine akasema waliooga naye bafu moja miaka kumi na mbili sasa watajisikiaje. Watu wakacheka. Nami nikatia langu, kwa Kiswahili, ili rafiki yangu aliyekuwa kitini acheke peke yake. Nikamwambia, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anapenda kukumbatiana na Shaq chini ya kikapu."

Hakucheka. Alikuwa na shuka shingoni, ananitazama kwenye kioo. Akamwambia kinyozi inatosha. Upande wa kushoto ulikuwa haujaguswa bado. Akalipa, akatoka hivyo hivyo, na simu zangu hakuzipokea tena. Kabla mwaka haujaisha nikasikia amehamia Ohio.

Hajawahi kuniambia lolote kuhusu maisha yake, nami sijamuuliza wala sitauliza. Ninachojua ni kwamba niliyacheka mateso ya mtu mbele ya mtu ambaye yalimchoma, na kwamba katika miaka kumi na miwili ya kukaa naye karibu na paa sikuwahi kumwambia neno moja ambalo lingemfanya aone kwamba kwangu yuko salama. Haya ya Obama na Kobe ni makubwa, yanasikika dunia nzima. Lakini mtu anayesikiliza anasubiri kusikia aliye kiti cha pili atasema nini.

Aliyenifumbua macho zaidi ni Tim Hardaway, mchezaji wa zamani wa NBA. Mwaka 2007, John Amaechi aliposema kwamba yeye ni shoga baada ya kustaafu kikapu, Hardaway alitamka redioni kwamba anawachukia mashoga, NBA ikamwondoa kwenye shughuli zake za wikiendi ya Nyota. Huyo huyo, Collins alipojitokeza, alimpigia simu kumuunga mkono. Niliposikia hilo nilikaa ndani ya gari nimeegesha, nikawaza: basi na mimi ninaweza kupiga simu. Sikuweza. Namba niliyokuwa nayo haikupokelewa.

Collins alikaa bila timu tangu siku ile ya Aprili hadi Februari. Miezi kumi. Waliomchukua ni Nets, wakati huo wameshahamia Brooklyn, na kocha wao alikuwa Kidd, yule yule aliyecheza naye East Rutherford. Mkataba wa siku kumi. Tarehe 23 Februari 2014 akaingia uwanjani Los Angeles dhidi ya Lakers: dakika 11, hakufunga hata pointi moja, ribaundi mbili, faulo tano. Nilitazama nikiwa peke yangu sebuleni na nilimjua mara moja, ndiye yeye, anagongwa na kusimama. Usiku ule alivaa 46, kwa kuwa 98 ilikuwa bado haijawa tayari.

Namba 98 alikuwa ameichagua tangu akiwa na timu za Boston na Washington, kabla hajasema chochote. Ni mwaka 1998, mwaka aliouawa Matthew Shepard, mwanafunzi shoga wa Chuo Kikuu cha Wyoming, miaka 21. Walimpiga, wakamfunga kwenye ua wa mbao nje ya mji wa Laramie, wakamwacha kwenye baridi. Alifia hospitali siku chache baadaye, tarehe 12 Oktoba. Collins aliivaa namba ile msimu mzima bila yeyote kumuuliza. Nets walipofika Denver alikuwa ameivaa, na baada ya mechi akakutana na baba na mama wa Matthew. NBA nayo ikatangaza kwamba faida ya jezi hizi itakwenda kwa taasisi yenye jina la kijana yule na kwa GLSEN, shirika linalowatetea wanafunzi mashuleni. Hapo ndipo nilipotoa kadi yangu ya benki.

XL niliituma Ohio, anwani nilipewa na dada yake. Niliweka karatasi ndani: "Nisamehe kwa niliyosema kwa kinyozi." Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe: "Imefika. Saizi ni sawa."

Yangu imeniletea watu. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono ndani ya treni ya PATH, hakusema kitu, akashuka kituo chake. Kazini mwenzangu mmoja alihama meza yangu ya chakula kwa mwezi mzima, kisha akarudi. Mwaka 2016 niliivaa Tanga, barazani kwa mjomba, nikiwa na wasiwasi, kwa sababu sheria yetu inajulikana, inafika hadi kifungo cha maisha. Wengi waliona jezi ya Brooklyn tu. Kijana mmoja anayefuatilia kikapu akanizunguka, akasoma mgongo.

"Anko, huyu si yule?"

"Ndiye."

Akafikiri kidogo. "Alikuwa anajua kukaba?"

"Sana, mwanangu."

"Haya." Akaniletea kahawa.

Kwa anayetaka kununua leo: mpya huipati, utaikuta mikononi mwa watu. Angalia alama ya kifuani. Collins alistaafu Novemba 2014, na Nike walichukua kazi ya jezi za NBA kutoka kwa Adidas msimu wa 2017. Kwa hiyo jezi ya Brooklyn Nets yenye jina lake na alama ya Nike ni ya kughushi, hata muuzaji aape vipi. Kisha igeuze, tazama nyuma ya namba. Kama huoni njia ya uzi, imebandikwa.

Mwaka jana binti yangu aliolewa, na rafiki yangu akaja kutoka Ohio. Ndevu zimeingia mvi. Usiku wa kuamkia harusi alifungua begi lake chumbani kwangu, akatoa XL, imo kwenye mfuko wake wa plastiki, kadi ya bei inaning'inia. Nikaitandaza kitandani kando ya yangu. Ya kwake nyeusi kama mpingo, namba nyeupe pe. Ya kwangu imefubaa, jina limejikunja. Akapitisha kidole kwenye 8 ya yangu, kisha kwenye 8 ya yake.

"Yako umeivaa," akasema.

"Nimeivaa."

Akaikata ile kadi kwa meno, akaivaa juu ya fulana. Ilimbana tumboni. Akakaa nayo hadi tulipolala, tunamzungumza Kidd, na Shaq, na zile ngazi za East Rutherford. Asubuhi ilikuwa na tone la chai kifuani.

"Hii inafuliwaje?" akaniuliza.

"Igeuze ndani nje. Maji baridi. Anika kivulini."

"Na pasi?"

"Usiiguse na pasi."