Riwaya au kitabu cha watoto: mwandishi wa Mbeya aanze na kipi?

Mwandishi wa Tanzania Elieshi Lema ameandika vyote viwili, riwaya na vitabu vya watoto, kwa hiyo hakuna anayelazimika kushika kimoja maisha yote. Ila kwa anayeanza, tena akiwa Mbeya au Iringa, mbali na wachapishaji waliojazana Dar es Salaam, kitabu cha kwanza kina uzito wake.

Riwaya unaiandika peke yako. Daftari, kompyuta, usiku mwingi wa baridi ya Uyole, basi. Ndani inachapwa wino mweusi tu, hivyo hata ukijilipia nakala chache hufilisiki. Kazi ni kuwapata wasomaji.

Kitabu cha watoto watu hukidharau kwa ufupi wake. Wee! Kurasa 24, kila moja sentensi mbili tatu, na mchoraji anataka chake kabla hujauza hata nakala moja. Unaandika "bibi alikata mkungu wa ndizi shambani". Mchoraji ambaye hajawahi kufika Rungwe anakuletea bibi kasimama chini ya minazi. Watoto wa Tukuyu watacheka, nawe utalipia mchoro upya. Bado gharama ya kuchapa rangi. Faida yake ni shule: kikipata ithibati, yaani kibali cha serikali cha kutumika shuleni, mlango wa kuuza kwa wingi unafunguka.

Mimi ningeanza na riwaya, kwa sababu ya mfuko tu. Mwenye ndugu mchoraji pale Mwanjelwa aanze na watoto, ila awasomee kwanza darasa la pili. Wakianza kuchungulia dirishani, apunguze maneno.