Kadi ya kwanza ya mkopo kwa mwanafunzi wa Malindi: ipi uchukue, ipi uiache

Mwanafunzi wa Pwani University ambaye kwao ni Barani au Maweni akiuliza achukue kadi gani ya mkopo, swali la kumrudishia ni hili: unataka kulipia nini nayo? Mara nyingi utasikia ni malipo ya mtandaoni, kama ada ya mtihani wa Kiingereza au programu ya kompyuta. Kwa hayo haihitajiki kukopa. M-PESA GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyozinduliwa 2022, hufunguliwa kwa *334# na hukata pesa zako mwenyewe. Kadi ya ATM yenye nembo ya Visa au Mastercard nayo hufanya kazi hiyohiyo. Chukua mojawapo na umalize shughuli zako. Jua tu kwamba hazikujengei historia ya mkopo, maana hakuna aliyekukopesha.

Historia ni habari nyingine. Benki Kuu ya Kenya imezipa leseni kampuni tatu za kutunza taarifa za wakopaji, zile tuzitazo CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wakopeshaji hupeleka huko habari zako, za heri na za shari. Metropol, kwa mfano, hukupa alama kati ya 200 na 900. Ambaye hajawahi kukopa hana doa, ila hajulikani. Benki ikimtafuta haioni kitu. Kwa hiyo nimepanga njia zifuatazo kwa kuangalia ni ipi itakayokufanya ujulikane kuwa mlipaji kwa gharama ndogo, huku ukiwa huna mshahara.

Ya kwanza: M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyo ndani ya M-PESA, kwa kiasi kidogo sana. Najua si kadi. Lakini mkopeshaji ni benki, NCBA, hadai hati ya mshahara wala mdhamini, na ukiwa umetumia M-PESA kwa miezi 6 unaweza kuomba. Ada ni asilimia 7.5 kwa siku 30, bado ushuru wa serikali. Ukikopa 500 ada hiyo ni shilingi 37.50. Hiyo ndiyo bei ya historia yako. Hesabu kama gharama ya kujitambulisha, usiichukue kuwa njia ya kupata pesa za matumizi, kwa sababu asilimia 7.5 kila mwezi ni 90 kwa mwaka. Kopa mara chache tu kwa mwaka, lipa kabla ya siku kufika, na katikati weka akiba humohumo ili kikomo chako cha kukopa kiongezeke. Ukipewa kikomo cha 8,000 usikione kama pesa yako.

Ya pili: kadi ya mkopo inayodhaminiwa na amana yako. Kadi ya kawaida benki itakunyima kwa kukosa hati ya mshahara, na wala usihangaike kuiomba. Baadhi ya benki, hata hivyo, hufunga amana yako kisha zikakupa kadi yenye kikomo kilicho chini ya amana hiyo. Inamfaa aliyefanya kazi hotelini msimu wa Desemba akabakisha kitu. Nimeiweka ya pili kwa sababu pesa zako zitafungwa, kuna ada ya mwaka, na mjini kwetu haina pa kwenda: mashine za kadi ziko kwenye supamaketi na mikahawa ya Kiitaliano ya Lamu Road, ilhali tuktuk na mama wa viazi karai wanataka M-PESA.

Ukiichukua, elewa inavyofanya kazi kabla hujaitumia. Kila mwezi hutoka taarifa yenye namba mbili: deni lote, na kiasi cha chini kabisa unachoruhusiwa kulipa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, ununuzi wako hautozwi riba. Ukilipa ile namba ndogo, riba huanza kutafuna kilichobaki. Tuseme unadaiwa 10,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, nawe unalipa 1,000: shilingi 300 zimekwenda kwa riba na deni limepungua kwa 700 tu. Kutoa pesa taslimu kwa ATM kwa kadi ya mkopo ni vibaya zaidi, kwa kuwa hapo kwa kawaida riba huhesabiwa tangu siku ileile na ada ya kutoa iko juu yake. Weka kitu kimoja kwenye kadi, mathalani bando ya mwezi, ulipe chote, basi.

Ya tatu: Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu. Kwa bei hakuna inayoishinda. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hiyo 1,000 ya siku 14 hukugharimu kama shilingi 3. Asilimia 5 ya mkopo huzuiliwa kuwa akiba yako. Ukibanwa kweli, anzia hapa. Sikuipa nafasi ya kwanza kwa kuwa kulipa vizuri huinua kikomo chako ndani ya mfuko wenyewe, na shabaha yetu ni kujulikana na benki.

Ya nne: Fuliza, mkopo wa M-PESA unaokamilisha malipo salio lako lisipotosha. Kuna ada ya asilimia 1 ya kuingia, kisha ada ya kila siku. Ubaya wake kwa mwanafunzi ni mmoja: pesa yoyote ikiingia M-PESA, deni hukatwa kwanza. Mama akituma ya kodi ya chumba, haifiki nzima.

Programu za mikopo ya simu sizipi nafasi. Kama lazima, tazama kwanza jina lake kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Kanuni za 2022 zinawakataza kupigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha.

Kwa asiyegusa riba, nasi Malindi ni wengi, mpangilio huu unageuka. Gulf African Bank na Premier Bank hufuata sharia ya Kiislamu. Murabaha ya kununua laptopu, ambapo benki huinunua kisha hukuuzia kwa bei iliyo wazi na unalipa kidogokidogo, ingekuwa ya kwanza kwangu, hata kwa asiyejali riba, kwa sababu unabaki na laptopu. Tatizo ni lilelile la kipato. Enda na mzazi.

Mwenye mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, akumbuke kuwa tayari ana deni. Riba yake ni asilimia 4, malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, faini ya kutolipa ni 5,000 kila mwezi, na wasiolipa hupelekwa CRB. Historia nzuri ya M-Shwari haitalifuta hilo.

Tangu 2020, deni lililo chini ya 1,000 halipelekwi CRB kama baya. Likizidi hapo na ukachelewa, doa hukaa miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Sheria inakupa taarifa yako bure mara moja kwa mwaka, nawe uiombe hata kama hujawahi kukopa, hasa kama kuna laini uliyosajili kwa kitambulisho chako ukampa binamu. Akikopea laini hiyo, jina litakaloandikwa ni lako. Ukilikuta deni kama hilo, mkabili binamu alilipe, kisha uisajili laini kwa jina lake.