Uzoefu wangu Bohol, Ufilipino: pakeji ya siku moja niliijutia, dereva wa siku tatu akaniokoa

Nianze na lawama kabisa, maana nikianza na mazuri mtasahau kusoma hii sehemu. Siku ya kwanza Bohol nilichukua ile pakeji ya vani inayouzwa kila kona pale Panglao, kisiwa kidogo cha pembeni wanakokaa watalii, wanakuzungusha kutwa nzima kwenye kisiwa kikubwa, vilima vya chokoleti, wale wanyama wenye macho makubwa, msitu wa mahogani, chakula cha mchana kwenye boti mtoni Loboc, na vituo vingine vya kujazia. Karatasi yao ilikuwa na vituo nane. Nane! Mi kwa ushamba wangu nikaona hapa nimepata bei, kumbe vituo viwili ni maduka ya zawadi, kimoja ni sanamu mnashuka mnapiga picha mnapanda, na kila mahali dereva anakwambia dakika ishirini mama, dakika ishirini. Tulikuwa watu kumi na mbili kwenye vani, wawili walikuwa wanachelewa kila kituo, kwa hiyo zile ishirini zikawa kumi.

Jina la kampuni sitaji, walikuwa wapole tu na hata hela ya nyongeza hawakuniomba, ila mfumo wenyewe ndo mbovu, na karibu wote wanauza kitu hichohicho kwa sura tofauti.

Tarsia ndo waliniuma zaidi. Kwa asiyewajua, ni kanyama kadogo unaweza kukaficha kwenye ngumi, ukikaangalia haraka utasema komba, ila huyu macho yake ni makubwa kuliko hata ubongo wake na hayazunguki, yamekaa palepale, kwa hiyo akitaka kuangalia pembeni anageuza kichwa chote mpaka nyuma. Ni mnyama wa usiku, mchana anatakiwa alale. Sasa mnaingia kundi la watu kumi na mbili, mwongoza wageni ananong'ona msiwashe flashi, na mtu wa mbele yangu hapohapo anawasha flashi. Nilikaona kamoja kameshikilia tawi, vidole virefu vyembamba vyenye vijivimbe kwenye ncha kama vya chura, jicho moja wazi moja limefumba nusu, kama mtu aliyeamshwa na jirani saa nane usiku kuulizwa chumvi. Nikaona aibu, nikatoka. Hawa wakipata msongo wa mawazo wanaweza kujigonga vichwa mpaka wakafa, hilo niliambiwa pale pale na bado watu wanapanga foleni ya selfi. Kama lazima uwaone, nenda ile hifadhi ya Corella, ina msitu wa kutosha na kelele ni chache, mi nilienda huko siku ya tatu na tofauti niliiona.

Basi vilima. Hapa sina ugomvi. Pale mji wa Carmen kuna jukwaa la kuangalizia juu ya kilima kimoja, unapanda ngazi 214, nilizihesabu mwenyewe mpaka mia moja na kitu nikaishiwa pumzi na hesabu pia, nyingine nimesoma kwenye kibao. Ukifika juu ni vilima kila upande mpaka macho yanachoka, vyote vya duara kama mtu kapindua vikombe, idadi wanasema ni kuanzia 1,268 mpaka 1,776 inategemea nani kahesabu. Mi nilienda mwezi wa nne nyasi zimekauka zimekuwa kahawia ndo maana ya hilo jina la chokoleti, ukienda kipindi cha mvua utavikuta kijani na utaona kama umedanganywa. Nilitoa noti ya peso 200 nikainyoosha mbele ya macho maana nyuma yake kuna hivyohivyo vilima na huyo tarsia, nikawa nalinganisha kama mtoto, mzungu mmoja akaniomba nimshikie na yeye apige picha na noti yangu.

Wenyeji wana hadithi zao, majitu mawili yaligombana kwa kurushiana mawe na udongo mpaka yakachoka yakaondoka bila kufagia, au jitu moja lilimpenda binadamu, akafa, likalia machozi yakawa vilima. Hii ya pili naipenda zaidi. Wataalamu wanasema huku kote kulikuwa chini ya bahari, ni chokaa ya matumbawe iliyonyanyuliwa juu halafu mvua ikaichonga kwa miaka mingi sana. Ukiangalia vizuri vingine vina michubuko meupe ubavuni, hayo ni maporomoko ya tetemeko la tarehe 15 Oktoba 2013, la ukubwa wa 7.2, lililoangusha makanisa ya zamani ya Loboc, Loon na Maribojoc, na kuna sehemu za pwani huko Loon na Maribojoc sakafu ya bahari ilinyanyuka juu kabisa. Mwaka 2023 UNESCO wakaitangaza Bohol jiopaki ya dunia, yani eneo lenye miamba na ardhi ya kipekee, ya kwanza Ufilipino nzima, halafu mwaka uliofuata nchi nzima ikapiga kelele baada ya video ya hoteli yenye bwawa la kuogelea katikati ya hivyohivyo vilima. Hoteli ilifungwa. Sisi binadamu hatunaga aibu.

Tulikuwa pale juu dakika kumi na tano.

Mchana ukawa Loboc kwenye boti, mto ni wa kijani kweli kama umetiwa rangi, wanaimba, chakula unajipakulia. Mi sili nguruwe na nilikuwa nimeshawaambia toka asubuhi, wakaitikia ndio ndio, nafika mezani vyombo saba havina maandishi na mpakuaji mwenyewe anauliza mwenzake. Nikala wali, ndizi na tikiti maji kwa bei ya mtu aliyekula kila kitu. Nikaomba hata nipunguziwe, wakacheka kwa upole. Jifunzeni neno hili la Kibisaya mapema kuliko salamu, "walay baboy", yani haina nguruwe, nilivyoanza kulisema hivyo watu walikuwa wananielewa mara moja na mama mmoja kule Anda, mji wa mashariki mwa kisiwa, alinikaangia samaki kwenye sufuria nyingine kabisa bila mi kuomba. Asante yao ni "salamat", hiyo haikunipa shida.

Jioni ile nikamlilia dada wa gesti niliyofikia, akaniitia dereva mwenye gari yake ndogo. Tukakubaliana peso 3,000 kwa siku, mafuta yake, chakula changu, muda naamua mimi. Ni zaidi ya mara mbili ya kiti cha kwenye vani, najua, lakini mkiwa wawili watatu mnagawana na inakuwa sawasawa. Nilikuwa namwita Kuya, ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa huko, na yeye akaniita Ate, dada, baada ya siku ya kwanza ya kuniita madam madam.

Na Kuya ndo alinitoa kwenye njia ya watalii. Karibu wageni wote wanakaa Panglao ambako ni kisiwa kidogo kimeunganishwa na madaraja, wanaenda Carmen wanarudi. Mashariki hawafiki. Ni kama kilomita mia kutoka Tagbilaran, mji mkuu wa Bohol, mpaka Anda, masaa matatu hivi ukisimamasimama, na sisi tulisimama sana.

Candijay kwanza, kuna maporomoko yanaitwa Can-umantad, ndo marefu kuliko yote Bohol, na juu yake mashamba ya mpunga ya ngazi ya Cadapdapan. Barabara ya kushuka ni mwinuko wa kutisha, Kuya akaniambia gari yake haishuki pale, chagua miguu au bodaboda, wao wanaziita habal-habal. Nikachagua miguu kwa kujifanya mzima. Ndala yangu ikakatika njiani, ile kamba ya kidole, nikamalizia na mguu mmoja peku kwenye changarawe ya moto, nafika chini maji yanashuka kwenye ukuta wa mwamba wenye kuvu la kijani na hakuna mtu zaidi ya familia moja inachoma samaki. Nilikaa mle majini karibu masaa mawili. Kurudi juu nilipanda habal-habal, sikujifanya tena.

Anda tukalala. Ufukwe wa Quinale ni mchanga mweupe laini kama unga wa sembe, na asubuhi ni wa wenyeji, watoto wanaenda shule wanakatiza hapohapo. Sifa ya Anda lakini ni mapango yake, kuna mengi yenye maji ndani, na hili la Cabagnow ndo linapendwa. Siyo pango la kuingia kwa mlango, ni shimo kubwa kwenye mwamba, unasimama ukingoni unaona maji ya buluu chini, kuna ngazi ya kushukia kwa waoga na ukingo wa kurukia kwa wenye akili fupi. Vitoto vya miaka nane tisa vilikuwa vinaruka, vinapanda, vinaruka. Mi nilisimama pale ukingoni naapa dakika kumi zilipita, navuta pumzi narudi nyuma, navuta pumzi narudi nyuma, mpaka katoto kamoja kakaja kakanishika mkono bila kusema kitu, kakahesabu kwa kidole moja mbili, tatu hakakufika tukawa tayari hewani. Maji ni baridi mpaka masikio yanauma. Ukitoka chini ukiangalia juu unaona duara la anga na mizizi ya miti inaning'inia, na sauti yako inakurudia.

Kisiwa cha Lamanok, hukohuko Anda, ni tofauti, huko huendi kuogelea. Ni lazima uwe na mwongoza wageni wa pale pale, unapita kwenye daraja la mianzi katikati ya mikoko halafu mtumbwi, na kwenye kuta za mwamba kuna alama nyekundu za vidole za watu wa kale, wameziburuza na udongo mwekundu, kabisa kama mtoto aliyepaka rojo ukutani. Kuna mapango yenye vipande vya majeneza ya magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi. Mwongozaji wetu mzee kabla ya kuingia alisimama akaomba ruhusa kwa sauti ya chini, sikuuliza kwa nani. Nilisimama nyuma yake nimevaa ndala mpya za plastiki nilizonunua sokoni, kimya.

Hinagdanan, lile pango maarufu la Panglao, tuliliacha siku ya mwisho na ni zuri ila nendeni saa wanapofungua. Mlango ni tundu tu kwenye ardhi, unainama unashuka ngazi, halafu ghafla ukumbi mkubwa, mawe yananing'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, na matundu mawili kwenye paa yanatupa mwanga mpaka kwenye bwawa. Wanasema mkulima alikuwa anasafisha shamba akarusha jiwe kwenye tundu akasikia chubwi, wakatengeneza ngazi washuke, ndo jina likatoka hapo, maana hagdan ni ngazi. Ila joto humo ndani! Miwani yangu ilipata ukungu sekunde hiyohiyo, na saa nne wakashusha mabasi matatu.

Kisiwa cha Balicasag nacho msiache, lakini wekeni nafasi mapema kwa sababu idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, mi nilikosa mara ya kwanza. Mnaondoka alfajiri na bangka, na nilivyoiona nikacheka peke yangu, ni ngalawa ile, kiunzi cha mianzi kila upande, tofauti tu ina injini na paa la turubai. Kufika kule mnahamia kwenye vitumbwi vya kupiga kasia vya wenyeji wanawapeleka kwenye kasa. Kasa mmoja mkubwa wa saizi ya meza ya kahawa alikuwa anakula nyasi za bahari bila haraka, namsikia kabisa kwenye maji anavyokwanyua, krap, krap. Halafu unaogelea hatua chache ukuta wa matumbawe unakatika, chini ni giza la buluu, tumbo linashuka. Vaeni viatu vya maji, kuna maurchini, vile viumbe vya mviringo vya baharini vyenye miiba mirefu myeusi, mwenzetu mmoja alikanyaga na asubuhi yake yote ikaishia hapo.

Mengine harakaharaka. Ufukwe wa Alona pale Panglao ni fujo ya mabaa, kaeni mbali kidogo. Hela bebeni keshi, ukishatoka Tagbilaran na Panglao mashine zinakuwa chache na Anda karibu kila mtu nilipolipa alitaka noti, tena ndogo. Kila kivutio kina kiingilio chake hata kama pakeji imesema imejumuisha, uliza. Kalamay, kitamu chao cha mchele wa kunata na nazi, wanayouza kwenye kifuu cha nazi kilichofungwa ni tamu ila inanata kwenye meno kutwa. Na kiazi chao cha zambarau kinaitwa kinampay, Kuya aliniambia kikianguka chini wakubwa zao wanakiokota wanakibusu kama kuomba radhi, nikajiwekea kwenye mkoba kwa adabu zote.

Pakeji ya vani naipa nyota mbili, moja ya vilima na moja kwa sababu kiyoyozi kilifanya kazi. Kuya tano. Boti ya kurudi Cebu ni kama masaa mawili na ndani wamewasha ubaridi wa kugandishia samaki, mi nilijifunika taulo la ufukweni bado lina mchanga, bebeni sweta.