Matairi ya theluji kwenye GR86 hapa Montréal: matairi safi, nati za kuua mtu

Nyota moja. Matairi hayana kosa, nitayafikia. Nyota moja ni ya gereji iliyoyafunga, hapa Montréal, mwishoni mwa Novemba au pengine Desemba ilikuwa imeshaingia. Walitumia nati ambazo si za gari hili, wakazishindilia kwa mashine ya upepo, na nilipowarudia nikajibiwa kama mtu aliyekuja kuwapotezea muda.

Wenye gari hili, hapa someni polepole. GR86 ni gari la michezo lenye nembo ya Toyota, lakini linaundwa na Subaru katika kiwanda chake cha Gunma, Japani, na bolti za habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa) ni za Subaru: M12x1.25, yaani unene wa milimita 12 na hesi (mikato ambayo nati inazungukia) kila milimita 1.25. Toyota nyingi zinatumia M12x1.5. Unene ni uleule, hesi ndizo tofauti, robo milimita tu kwa kila mzunguko. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kwa vidole unazijua papo hapo: nati sahihi inateleza kwa vidole viwili mpaka inafika kwenye rimu, isiyo yake inaingia mzunguko mmoja, mmoja na nusu, halafu inagoma. Fundi anayejali kazi anaitoa hapohapo. Hawa hawakuwahi kuigusa kwa vidole. Waliiweka kwenye mdomo wa mashine na kuachia.

Nati ikilazimishwa hivyo inakula hesi za bolti na zake yenyewe. Na ubaya wake ni kwamba spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) haitakuambia kitu. Itapiga "tak" kwenye 120 Nm kama kawaida, kwa sababu toki inapima ugumu wa kuzungusha, basi. Nguvu yote inaishia kwenye chuma kinachosaga chuma, na rimu yenyewe haijabanwa kwenye habu. Risiti yangu imeandikwa "120 Nm" kwa magurudumu yote manne. Siwezi hata kusema walidanganya. Nambari ni ya kweli na gurudumu limelegea.

Dalili zilianza kwenye barabara kuu ya 20, kabla ya Drummondville. Kwanza mtetemo mdogo kwenye kiti. Ukiusikia kwenye usukani, mara nyingi tatizo liko mbele. Ukiusikia kwenye kiti, angalia nyuma. Kisha ikaja tik-tik-tik inayofuata mwendo wa gari na kuzidi ukiachia mafuta. Gurudumu la nyuma kushoto. Nati mbili zilizunguka kwa mkono uliovaa glavu. Ya tatu ilitoka na kipande cha bolti ndani yake, na katikati ya hesi kulikuwa na nyuzi za chuma zinazong'aa, zimejisokota kama nywele za kipilipili. Risiti ileile inasema mteja arudi baada ya kilomita 100 nati zikazwe tena. Drummondville iko zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Montréal. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nilipowarudia, mtu wa kaunta, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, alisema kwa Kifaransa kwamba Toyota zote zinatumia nati hizo. Nikamwekea mezani nati halisi za gari, zilizokuwa kwenye buti muda wote, ndani ya mfuko wa plastiki ambao wao wenyewe waliufunga fundo. Akasema anayeendesha gari la michezo kwenye theluji asishangae likitetemeka. Hilo ndilo jibu. Gurudumu lilikuwa linataka kuchomoka garini, na yeye ananipa somo la aina ya gari.

Haki itendeke lakini. Nyuma kulikuwa na fundi kijana wa Lubumbashi. Alichukua nati, akaianzisha kwenye bolti kwa vidole, ikagoma, akanigeukia (kwao "yaya" ni mkubwa wako): "Yaya, hii nati haiko ya hii motokari." Kazi ya sekunde tano. Alibadilisha bolti zote 20, hata zile zilizoonekana nzima, kwa sababu hesi zilizoliwa kidogo zitakatika baadaye. Kalipa ya breki nje, diski nje, bolti ya zamani inagongwa itoke upande wa nyuma wa habu, mpya inavutwa kwa nati na washa (pete bapa ya chuma) mpaka ikae. Kabla ya kurudisha rimu alipiga brashi ya waya uso wa habu, akapaka grisi ya shaba kidogo sana pale rimu inapokaa, na kwenye hesi hakupaka chochote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hesi zenye grisi zinateleza, na kwa toki ileile bolti inavutwa kupita kiasi. Hawakunitoza hata senti. Kwa kijana huyo peke yake ningesema nyota tatu.

Sasa matairi, maana hapa nina furaha ya kweli na sitaki hasira iifunike.

Québec inalazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na lazima yawe na alama ya mlima wenye kipande cha theluji. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haikubaliki. Faini ni dola 200 hadi 300. Hilo halina mjadala. Mjadala wa wenye magari ya michezo ni kubaki na rimu za inchi 18 na tairi la baridi la aina ya Ulaya ya kati, kama Pilot Alpin ya Michelin, ili usukani ubaki mkali, au kushuka rimu na kuchukua tairi la barafu. Kwa Munich ningechukua la kwanza bila kufikiri: kule barabara nyingi ni baridi na maji, na mtu anaweza kwenda kasi. Montréal si Munich. Hapa mvua inaganda juu ya lami usiku, asubuhi ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na ifikapo Machi mashimo yanameza gurudumu.

Kwa hiyo nilishuka kutoka 215/40R18 hadi 205/55R16 (upana kwa milimita, ukuta kama asilimia ya upana, kisha inchi za rimu), tairi la barafu X-Ice Snow ya Michelin. Ukuta wa tairi unatoka milimita 86 hadi karibu 113. Hiyo ndiyo bima ya rimu yako kwenye mashimo. Kipenyo kizima kinabadilika kwa chini ya nusu ya asilimia, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi. Tairi jembamba linakata theluji laini na kushuka hadi kwenye lami, pana linaelea juu yake. Rimu ni inchi 16 kwa upana wa 6.5 au 7, matundu 5x100 (matano kwenye duara la milimita 100), ofseti 48 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso unaokaa kwenye habu). Ukichukua rimu zisizo za kiwandani, tundu la katikati mara nyingi ni kubwa kuliko milimita 56.1 za gari hili, nunua na pete zake, la sivyo utapata mtetemo ambao balansi haiutibu. Na kama gari lako lina breki kubwa za Brembo, rimu ya 16 haitapita kwenye kalipa. Anzia 17.

Usinunue mawili ya nyuma tu kwa sababu nguvu iko nyuma. Gari litaondoka vizuri, kisha kwenye kona mbele itakwenda moja kwa moja huku wewe umekunja usukani. Na sheria ya huku inataka yote manne.

Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, ngozi ya kiwandani bado inateleza. Baada ya hapo, aisee. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, jepesi, linapanda mlima wa barafu ambapo asubuhi zile magari makubwa ya juu yanakwama. Breki inauma kwenye barafu iliyong'aa. Mpira wake unabaki laini kwenye baridi ambayo inafanya tairi la kiangazi liwe kama plastiki, na zile chale nyembamba kwenye kashata (vipande vya mpira vya uso wa tairi) zinafunguka na kushika. Unalipa kwa usukani: ukikata kona kwenye lami kavu, tairi linafikiri kwanza ndipo linafuata. Nimelizoea. Ikifika Aprili na joto likae juu ya nyuzi 7, toa, maana mpira huo unalika haraka kwenye lami yenye joto. Na kashata zikishuka chini ya milimita 4.8, usianze nazo msimu mwingine, hata kama sheria inaruhusu hadi 1.6.

Upepo pima asubuhi, gari likiwa limelala nje. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza karibu psi 1. Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 15 litakuwa limepungua psi 6 ukilikuta kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Gereji hii haikulisema hilo pia. Na tairi hili lina mshale wa mwelekeo ubavuni. La mbele kulia walilifunga kinyumenyume. Nimelikumbuka sasa hivi nikiandika, na damu imenipanda upya.

Nilitaka kuacha nyota tatu kwa ajili ya kijana wa Lubumbashi. Hapana. Yeye hayupo kaunta, hayupo kwenye simu, na siku utakayokwenda wewe huenda hayupo zamu. Gari langu alilifunga mwingine, na huyo mwingine bado ameshika mashine. Moja inabaki moja.

Nunueni matairi yakiwa yameshapandishwa kwenye rimu, mje nayo nyumbani, mfunge wenyewe: jeki, soketi ya milimita 19, spana ya toki, nati zilezile za kiwandani zenye kiti cha koni. Zote tano kwa vidole kwanza mpaka zifike, kisha kaza kwa mpangilio wa nyota (ukiruka moja kila mara), 120 Nm gari likiwa limeshushwa chini, na tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Kama lazima uende gereji, usiache nati kwenye buti. Mpe fundi mkononi, na simama pale mpaka umwone anaanza ya kwanza kwa vidole.